Mgonjwa wa kiharusi akiletwa kwenye zamu yako: nesi unaanzia wapi

Naandika hii kwa manesi wenzangu, hasa nyie mliopangwa juzi hospitali za wilaya na vituo vya afya, ambako usiku mko manesi wawili na daktari wa zamu yuko tieta anamalizia opereshen, alafu getini inaingia bajaji ina mzee kalala mapajani kwa binti yake, mdomo umeenda upande, udenda unatoka, mkono unaning'inia. Ndugu wanne wote wanaongea kwa pamoja. Unafanyaje?

Kiharusi sio ugonjwa wa Wazungu wala wa matajiri. Kuna utafiti ulifanyika Hai kule Kilimanjaro na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006, na ukisawazisha umri wa watu, kiwango cha wagonjwa wapya wa kiharusi Dar kilikuwa karibu mara 3 ya Hai. Kwa iyo tuache ile ya kushangaa mgonjwa wa kiharusi akija ana miaka 45, mjini ndo wagonjwa wetu hao.

Na nianze na jambo moja ambalo limenisumbua miaka mingi. Ukiniuliza wagonjwa wa kiharusi waliotufia wodini walikufa na nini, nakujibu wengi hawakufa usiku ule walioletwa. Walikufa siku ya tano, ya nane, wakiwa na homa na kifua kinakoroma. Yani ubongo uliumia kweli ila kilichowamaliza ni uji. Nitarudi kwenye uji.

Kwanza jua unachokitazama

Uso, mikono, maneno. Usiangalie tu kwa macho, mpime. Mwambie "baba shikamoo, hebu nioneshe meno yako yote", uone kama upande mmoja unabaki umelala. Alafu anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja vikiangalia juu, macho afumbe, we hesabu mpaka 10 taratibu. Mkono dhaifu utaanza kushuka wenyewe au kiganja kitajigeuza chini. Kama hawezi kabisa kuunyanyua hapo huhitaji kuhesabu. Maneno: mpe sentensi fupi airudie, mi huwa natumia "leo asubuhi nimekunywa chai na mkate". Sikiliza kama maneno yanaburuzika kama ya mlevi, au yanatoka lakini hayaeleweki, au hatoi kitu kabisa ila anakukodolea macho.

Hapa kuna mtego. Sisi tunapokea wazee ambao Kiswahili chao ni cha kuungaunga, mwingine anajua Kisukuma tu au Kimakonde tu, we unamuuliza kwa Kiswahili hajibu unaandika hawezi kuongea. Muulize ndugu ampime kwa lugha yake, na muulize pia huyu mzee siku zote anaongeaje, maana mwingine hana meno, mwingine alishapata kiharusi miaka 3 iliyopita na huo mdomo uko hivyo tangu kipindi icho. Unachotafuta ni kitu kipya kilichoanza ghafla.

Mtego wa pili ni paji la uso. Mwambie akunje paji kama mtu anayeshangaa. Mwenye kiharusi mara nyingi bado anakunja paji pande zote mbili ila mdomo ndo umelegea. Kama upande mzima umelala, paji halikunjiki, jicho halifungi, na mikono na miguu iko fiti, inawezekana ni mshipa wa fahamu wa usoni tu. Ila iyo ni kazi ya daktari kuamua, we andika ulichoona na uendelee kumchukulia kama kiharusi.

Na wapo wasiokamatika kwa uso na mikono. Aliyeanza ghafla kupepesuka, anayeona vitu viwili viwili, aliyepoteza kuona upande mmoja, mwenye kichwa kilichopasuka kwa maumivu ghafla akatapika. Hawa mapokezi wanaambiwa wamelewa. Pombe inanukia kweli, lakini mlevi naye anapata kiharusi, tena sana.

Dakika 10 za mwanzo

Kama kawaida, njia ya hewa kwanza. Anakoroma? Mlaze ubavu, vuta udenda kwa sakshen, toa meno ya bandia. Pima oksijeni kwa kidole, na kama iko 94 kwenda juu usimwekee oksijeni, haimsaidii, mtungi wenyewe tunauhitaji kwa mtoto mwenye nimonia kitanda cha pili. Ikiwa chini ya 94 mpe. Presha, mapigo, joto, upumuaji. Kanula, ile sindano ya plastiki inayobaki kwenye mshipa, weka mkono ule mzima, damu ya vipimo ichukuliwe hapo hapo.

Alafu sukari. Sukari kabla ya kitu kingine chochote cha kishujaa. Nakwambia hivi kwa sababu kuna baba mmoja aliletwa kwetu alfajiri, kapooza upande wa kulia kabisa, haongei, wanawe walishaanza kulia na mmoja ashampigia simu shehe. Mwenzangu kachoma kidole, glukomita ikasoma 1.9, yani sukari imeshuka mno. Kumbe mzee anameza vidonge vya sukari kila jioni na jana yake alikuwa hana hamu ya kula, akameza dawa akalala. Daktari akasema dextrose ya asilimia 50, mililita 50, taratibu kwenye mshipa mzuri. Haikuisha robo saa mzee akafungua macho akauliza nani kamvua shati. Mkono ukanyanyuka. Sijawahi kusahau ile sura. Ukipata chini ya 3.3 irekebishe kwanza alafu mpime upya, na uendelee kuipima maana vile vidonge vinakaa mwilini, sukari inashuka tena baada ya masaa wakati nyie mmeshasherehekea.

Dripu: kama ni lazima tundika salaini, maji ya chumvi. Usitundike dextrose ya asilimia 5 kwa mazoea tu, ubongo ulioumia unavimba, na yale maji yanauongezea uvimbe, na sukari ikiwa juu nayo inaumiza.

Saa ngapi?

Swali ambalo daktari wa hospitali kubwa atakuuliza kabla hata ya jina ni hili: mara ya mwisho kuonekana akiwa mzima ilikuwa saa ngapi. Sio saa alipogunduliwa. Kama kaamka hivyo saa 12 asubuhi na alilala saa 4 usiku akiwa mzima, muda wake unaanzia saa 4 usiku. Ndugu watakwambia "imeanza leo asubuhi", usiandike hivyo. Chimba. Nani aliongea naye mwisho? Alienda kuswali alfajiri? Aliamka usiku kukojoa, alitembea mwenyewe? Taarifa ya habari alikaa akaangalia? Watu wetu hawakumbuki saa ila wanakumbuka adhana, mechi na mwito wa kondakta.

Na tafadhali sana, andika kwa saa 24. Binti anakwambia "saa mbili", we unaandika 2:00 kwenye faili, anayeisoma kule rufaa anaelewa saa nane usiku. Hapo umekosea masaa 6. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inatolewa ndani ya masaa 4 na nusu tangu dalili zianze, sasa ukikosea 6 umeshamfungia mtu mlango au umemfungulia mlango wa kumuua. Saa mbili usiku ni 20:00, andika hivyo. Na kwa kila dakika mshipa mkubwa ukiwa umeziba inakadiriwa zinakufa seli za ubongo milioni 1.9, kwa iyo swali la muda sio urasimu.

Ukiwa na huyo ndugu hapo hapo chukua namba yake ya simu, asije akaondoka na bajaji. Muulize pia: presha, sukari, moyo? Dawa gani anameza, kuna inayofanya damu iwe nyepesi kama warfarini? Alianguka akagonga kichwa? Alianza na degedege? Kafanyiwa opereshen karibuni? Kama ni mama, ni mjamzito au kajifungua wiki hizi, maana hapo kifafa cha mimba kinaingia kwenye orodha na mambo yanabadilika kabisa. Kama ni mtoto au kijana, selimundu? Na homa na shingo kukakamaa, usije ukaita kiharusi kitu ambacho ni homa ya uti wa mgongo au malaria kali.

Na kuna swali linaulizwa kwa upole: mmempa nini nyumbani? Utasikia mambo. Kachomwa vidole na sindano damu itoke, ile meseji ya WhatsApp bado inazunguka. Kapewa kombe anywe, kapewa maji ya upako, kapewa mafuta ya taa, kapewa aspirini 2 na jirani mwenye duka la dawa. Usimgombeze mtu. Ukigomba, ndugu wa pili hatakwambia ukweli, na unauhitaji ukweli huo.

Presha 200 kwa 110, mkono usiwashe

Hii ndo sehemu tunapoua watu kwa nia njema. Presha imesoma 200/110, nesi anaogopa, ndugu wameona mashine inapiga kelele, mtu anaenda kwenye droo anachukua nifedipini anamwekea chini ya ulimi. Dakika 20 presha iko 120/70 na mkono uliokuwa unanyanyuka kidogo sasa haunyanyuki kabisa.

Fikiria shamba la mpunga na mfereji uliozibwa na takataka. Kuna eneo limeshakauka, hilo limekufa, lakini pembeni yake kuna majaruba yanapata maji kidogo kidogo yanayopenya kwa sababu maji ya juu yana nguvu. Ukifunga maji ya juu nayo yanakauka. Mwili wenyewe unapandisha presha makusudi kusukuma damu ifike. Kwa hiyo kama ni damu iliyoganda na hapewi dawa ya kuyeyusha, presha huwa haiguswi mpaka ipite 220/120, na hata ikiguswa inashushwa kidogo kidogo, kama asilimia 15 ndani ya siku nzima ya kwanza. Kama atapewa dawa ya kuyeyusha lazima iwe chini ya 185/110 kwanza. Na kama ni mshipa uliopasuka, madaktari wanaishusha mapema, namba ya juu ielekee 140, kwa dawa ya mshipani, kwa utaratibu.

Unaona sasa? Namba ile ile, matibabu matatu tofauti. Bila siti skani, ile picha ya ndani ya kichwa, hujui uko kwenye ipi. Kwa hiyo kazi yako ni kupima vizuri, mkono mzima, kitambaa cha saizi yake, kurudia baada ya dakika 5, kuandika, na kumpigia daktari. Kabla ya kupiga angalia sababu za kijinga zinazopandisha presha: kibofu kimejaa, maumivu, kelele za ndugu. Nimeona presha ikishuka 30 kwa kumkojolesha mtu tu.

Aspirini ni hivyo hivyo. Ni dawa nzuri kwa damu iliyoganda, miligramu 160 mpaka 300 ndani ya siku 1 au 2, lakini baada ya picha kuonesha hakuna damu iliyovuja. Nani aliyekwambia unaweza kutofautisha kwa macho? Mimi nimekaa humu miaka na bado nakosea. Kutapika, kichwa kuuma na fahamu kushuka haraka vinaelekea kwenye kuvuja, ila kuelekea sio kujua.

Simu kwa daktari, na safari

Usipige simu ukasema "dokta kuna mgonjwa hali yake sio nzuri njoo". Sema hivi: "Dokta, naitwa fulani, niko dharura. Nina baba wa miaka 62, nashuku kiharusi. Mara ya mwisho mzima ni 19:30, sasa ni 21:10. Uso na mkono wa kushoto dhaifu, anaongea ila maneno yanaburuzika. Fahamu kwa skeli ya Glasgow 14 kati ya 15, mboni ziko sawa, sukari 8.2, presha 192/104 nimerudia mara 2, oksijeni 96. Ana presha, dawa kaacha mwezi wa tatu huu. Hajapewa kitu kwa mdomo. Naomba uje umuone na tuamue kuhusu rufaa ya siti skani." Nusu dakika. Daktari akishasikia hivyo anatoka mbio, au anakwambia anza kuita ambulensi.

Siku hizi hospitali za rufaa za mikoa nazo zimeanza kuwa na siti skani, sio mpaka Muhimbili, KCMC au Bugando kama zamani, kwa hiyo jueni ya karibu yenu iko wapi na inafanya kazi usiku au hapana, na namba ya simu ya kule ibandikwe ukutani. Mgonjwa asiondoke bila kanula inayopita, bila karatasi ya muda, bila orodha ya dawa, bila ndugu mmoja anayejua habari. Nesi anayesindikiza abebe sakshen, oksijeni na glukomita. Na mpigie mwenzako wa kule kabla gari halijatoka getini.

Mkiwa mahali ambapo dawa ya kuyeyusha ipo, jua kwamba alteplase ni miligramu 0.9 kwa kilo, isizidi 90, asilimia 10 inaingia kwa dakika 1 na iliyobaki kwa saa nzima. Kwa iyo mpime uzito kwa mzani, uzito wa kukisia ndo damu itakayovuja kesho. Mipira ya mkojo na ya puani iwekwe kabla au isubiri. Baada ya hapo unampima fahamu na presha kila dakika 15 kwa masaa 2, kila nusu saa kwa masaa 6, alafu kila saa mpaka siku iishe, na presha isivuke 180/105. Akianza kulalamika kichwa, akitapika, au fahamu ikishuka, zima dripu ya dawa kwanza alafu ndo uite daktari.

Wengi wetu hatuna hiyo dawa. Sawa. Kilichobaki chote ni kazi ya nesi, na hapo ndo nataka mnisikilize.

Uji

Mwaka wangu wa pili kazini, hospitali moja sitaitaja, nilikuwa na mama mtu mzima wa kiharusi, siku ya pili, kaanza kuchangamka. Macho yanafuata, anakubana mkono. Mdogo wake kaja asubuhi na chupa ya uji wa ulezi, mzuri, una karanga, harufu wodi nzima. Kaniuliza, "sista, nimpe?" Nilikuwa na wagonjwa 30. Nikasema mpe tu dada, taratibu. Sikumpima kumeza, sikumkalisha, sikuangalia. Jioni anakohoa kidogo. Kesho yake joto 38.9. Alifariki siku ya tisa, na yule mdogo wake mpaka leo anajua dada yake kafa kwa kiharusi. Mimi najua alikufa kwa neno langu la "mpe tu".

Kwa hiyo sheria: hakuna kitu kinapita mdomoni, sio uji, sio maji, sio kidonge, sio kombe, mpaka kumeza kumepimwa. Chukua boksi la glavu, chana kipande, andika kwa makapeni USINIPE KITU KWA MDOMO, bandika juu ya kitanda, na mwambie kila ndugu anayeingia kwa mdomo wako maana wengine hawasomi. Kombe au maji ya upako, waambie wampake kichwani au mikononi, Mungu anaona. Hilo wanakubali haraka kuliko kuambiwa hapana.

Kupima kunafanyika hivi. Awe macho na anafuata maagizo, kama anasinzia acha, jaribu baadae. Mkalishe wima kabisa, mito mgongoni. Safisha mdomo. Mwambie akohoe, kikohozi kina nguvu au ni pumzi tu? Mwambie ameze mate, weka vidole viwili kooni usikie lile tonge la koo likipanda. Mwambie aseme "aaa" ujue sauti yake ikoje sasa hivi. Alafu kijiko cha chai cha maji, akimeza subiri, mwambie aseme "aaa" tena. Sauti ikiwa na maji maji, kama mtu anayeongea huku anasukutua, amefeli. Akikohoa amefeli. Maji yakitoka pembeni ya mdomo, amefeli. Rudia kijiko mara 3. Akipita zote mpe glasi ndogo, mililita 90, anywe mfululizo bila kupumzika, na umtazame dakika nzima baada ya hapo. Wapo wanaopaliwa kimya kimya, hawakohoi kabisa, kwa hiyo hata aliyefaulu mchunge mlo wa kwanza wote ukiwa umesimama hapo.

Aliyefeli usimwache na njaa siku 3, ongea na daktari awekewe mpira wa puani, na kabla ya kumwaga chochote hakikisha mpira uko tumboni, sio kwenye pafu. Kila ukimlisha kitanda kiinuke nyuzi 30 kwenda juu na kibaki hivyo angalau nusu saa. Aliyefaulu nusu nusu anaanza na kitu kizito, uji mzito, ndizi iliyopondwa, kinashinda maji kwa usalama maana maji yanakimbia koo kabla halijajiandaa. Kijiko kiingilie upande mzima wa mdomo, kidevu kiiname kidogo, asipindishe kichwa nyuma. Alafu pitisha kidole au kitambaa kwenye shavu lile lililolala, utakuta chakula cha asubuhi kimejificha humo. Mdomo usafishwe kila baada ya chakula, na hata asiyekula asafishwe, tena huyo zaidi.

Kuna utafiti mkubwa wa Australia uliotoka 2011, manesi waliwekewa utaratibu wa mambo 3 tu, homa, sukari na kumeza, na kwa wagonjwa waliohudumiwa hivyo, waliokufa au kubaki tegemezi siku 90 baadae walikuwa wachache zaidi. Hawakuwa na mashine mpya. Kwa iyo joto likifika 37.5 mpe paracetamol, kwa njia salama, na utafute chanzo, pima malaria, sikiliza kifua, angalia mkojo. Sukari ikipita 10 mwambie daktari.

Fahamu, mgongo, bega

Skeli ya Glasgow na mboni za macho, mara kwa mara na kwa maandishi, kila saa kwa siku ya kwanza ukiweza. Namba moja peke yake haina maana, unatafuta mwendo. Ikishuka 2, au mboni moja ikawa kubwa, au mapigo yanapungua huku presha inapanda, ni dharura upya, usisubiri raundi ya asubuhi. Ila kumbuka asiyeweza kuongea kwa sababu ya kiharusi atapata alama ndogo za maneno hata akiwa macho kabisa, andika "haongei" pembeni.

Kugeuza kila masaa 2. Najua. Nesi mmoja wagonjwa 30. Ndo maana unamfundisha ndugu siku ya kwanza, mbele yako, kwa mikono yake. Shuka isiwe na mikunjo, visigino vining'inie kwa kuweka mto chini ya shavu la mguu, nyonga na kiuno viangaliwe kila ukigeuza. Na bega jamani. Ndugu wanamnyanyua mgonjwa kwa kumvuta ule mkono uliopooza, bega linachomoka taratibu na baadae mtu anapata maumivu mabaya kuliko kupooza kwenyewe. Mkono dhaifu usivutwe, akilala uwe juu ya mto, akikaa uwe mezani au mapajani.

Mpira wa mkojo usiwekwe kwa ajili ya urahisi wetu. Kopo, pampasi, kondomu yenye mpira kwa wanaume, vinatosha wengi. Choo kigumu pia kiulizwe. Mguu ukivimba mmoja, ukawa wa moto, mwambie daktari, damu inaganda kwenye miguu isiyotembea. Kuhusu kumnyanyua, siku ya kwanza usimlazimishe mazoezi makubwa, utafiti wa 2015 ulionesha kukimbilia kumsimamisha sana ndani ya masaa 24 kunarudisha nyuma. Siku ya 2 na kuendelea, mfupi mfupi, mara nyingi, mtu wa mazoezi akiwepo.

Ongea naye. Asiyejibu anasikia, wengi wanakwambia baadae kila kitu mlichosema juu ya kitanda chake, hata ile "huyu haponi". Muulize maswali ya ndiyo na hapana, afinye mkono mara moja au mbili. Akilia sana bila sababu, sio kwamba kakasirika na wewe, ubongo wenyewe unafanya hivyo, na huzuni ya kweli nayo ipo.

Aliyepona kabla hujamaliza kuandika

Wa mwisho ni yule anayekuja mdomo uko upande, na baada ya dakika 20 yuko sawa, anacheka, anataka kwenda zake, ndugu wanasema jini limetoka. Huyu usimwachie. Mshipa uliziba ukafunguka, na siku 2 zinazofuata ndo za hatari kuliko zote za kupata kikubwa. Apimwe kila kitu kama wengine, aonwe na daktari usiku huo huo.

Na akiruhusiwa, yeye au yule wa kitandani, usimpe ndugu karatasi tu. Mwambie binti yake, "dada, hebu mgeuze baba nikuone." Alafu "mpe maji nikuone." Alafu akutajie mwenyewe vidonge vya presha vinamezwa saa ngapi na vikiisha anavipata wapi, na siku ya kliniki. Akishindwa kimoja, kaa naye mrudie, bajaji itasubiri.